Kanuni ya Mtoto Asiyefika Mwezi

Mbuvi na Shirleen walimwita mtoto wao Mwende, jina la Kikamba lenye maana ya mtu apendwaye. Alizaliwa Februari, wiki ishirini na saba tu tangu mimba itungwe, kwa sababu presha ya Shirleen ilipanda ghafla akiwa kazini. Shirleen ni nesi. Alijua kinachompata kabla daktari hajafungua mdomo. Walimpasua mchana uleule. Mtoto akawekwa kwenye inkubeta, mama akapelekwa wodi ya wagonjwa mahututi akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, na Mbuvi akawa mtu wa kupanda na kushuka lifti kati ya orofa mbili.

Mwende aliishi siku kumi na tisa. Katika siku hizo mama yake alimwona mara tatu, akisukumwa kwa kiti cha magurudumu, na mara moja tu ndipo alipopata nafasi ya kumgusa kisigino kwa kidole kupitia tundu la inkubeta. Mtoto alipokuwa anakata roho, Shirleen alikuwa amerudishwa upasuaji kwa sababu kidonda kilikuwa kimeingia usaha.

Mfanyakazi wa ustawi wa hospitali, mama mmoja mpole, alimwambia Mbuvi kwamba hakuna haraka. Mtoto angeweza kuhifadhiwa mpaka mama apate nguvu za kusimama. Lakini Mbuvi aliona kungoja ni kama kukaa na mlango wazi wakati wa baridi. Alikwenda kwenye kitanda cha mkewe akakaa pembeni.

"Tumzike Alhamisi," alisema. "Hospitali itapanga kila kitu. Tukingoja tutazidi kuumia."

"Na mimi?"

"Mimi nitakuwepo."

Shirleen alikuwa na mirija mikononi na midomo iliyopasuka kwa homa.

"Basi umbebe wewe mwenyewe," alisema. "Usimwachie mtu wa gari. Na umwambie kwamba mama yake hawezi kusimama, lakini angekuja."

"Nitamwambia."

Wanakaa Lidcombe, kitongoji cha Sydney nchini Australia, na kutoka kwenye fleti yao hadi makaburi ya Rookwood ni mwendo wa miguu. Alhamisi ile Mbuvi alivaa suti aliyoolea. Alipokuwa anafunga viatu, simu ililia. Alikuwa Mzee Mutua, mwenyekiti wa kikundi cha Wakamba wa Sydney, mtu aliyewasaidia walipofika nchini na ambaye neno lake lina uzito.

"Pole sana, kijana wangu," Mzee Mutua alisema. "Ila usijiumize kupita kiasi. Mtoto wa siku hizo kwetu haitiwi watu. Hana matanga. Mwache aende kimya, mjipange upya."

Mbuvi alimshukuru, akatoka. Alifika kwenye lango dakika kumi kabla ya wakati. Akaliona gari jeusi likiingia taratibu, likasimama, na mwanamume mwenye koti refu akashuka na kutoa kisanduku cheupe kisichozidi urefu wa mkono. Alikishika kwa mkono mmoja huku akifunga mlango wa gari kwa mkono wa pili. Ni hilo lililomshinda Mbuvi. Miguu ilikataa. Alisimama ng'ambo ya barabara, akarudia moyoni maneno ya Mzee Mutua kama mtu anayetafuna dawa, kisha akageuka. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiwanda cha uchapaji anakofanya kazi, akavaa ovaroli juu ya shati la suti, akakata karatasi hadi saa ya kufunga.

Jioni alipoingia wodini, Shirleen alikuwa anamsubiri.

"Ulimbeba?"

"Nilimbeba."

"Alikuwa mzito?"

"Hapana."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia," Mbuvi alisema, na Shirleen akafumba macho, akalala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kuona amelala vile, Mbuvi akajiambia kwamba uongo ule ulikuwa na faida yake.

Wiki saba baadaye, mzee mmoja aliingia kiwandani akiwa na fimbo na mfuko wa nguo.

Kiwanda chenyewe ni kidogo. Kinachapa menyu za mikahawa, programu za harusi na za mazishi, vitabu vya historia za familia ambavyo watu huwapa wajukuu. Mbuvi ndiye wa kukata, kukunja na kujalidi. Mwenye kiwanda, Jacky, alimleta mzee yule hadi kwenye meza yake kwa sababu hakujua wapi pengine pa kumpeleka.

"Bwana Vidor ana kitabu kikuukuu," Jacky alisema. "Anataka tukipige picha, tukichape kama kilivyo. Nakala arobaini."

Mzee alikuwa na miaka themanini na minane. Alifungua mfuko, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kufutia vyombo, akakifungua pole pole. Kilikuwa kitabu chembamba cha kurasa arobaini na nane, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai. Maandishi yalikuwa ya Kiebrania. Mbuvi alikuwa ameshaona Kiebrania mara moja, kwenye Biblia ya mchungaji, lakini hajawahi kukigusa kikiwa kimechapwa kwa herufi za madini ya risasi. Alipopitisha kidole juu ya ukurasa alisikia vishimo ambavyo herufi zilikuwa zimeacha.

"Babu yangu aliyachapa," mzee alisema. Wote wawili walizungumza Kiingereza, kila mmoja na lafudhi ya kwao. "Mashariki mwa Hungaria, mji ambao hata ukiutafuta kwenye ramani utachoka. Alipanga herufi moja moja kwa mkono. Hizi ni kanuni za chama chetu."

"Chama cha nini?"

"Cha kuzika. Kila mji wa Kiyahudi ulikuwa nacho. Watu wa kawaida tu, fundi viatu, muuza chumvi, mwalimu. Mtu akifa wanaacha kazi zao, wanakwenda kumwosha, kumvika, kukaa naye mpaka azikwe. Haachwi peke yake hata dakika moja. Na sanda ni ileile, tajiri na maskini."

Mbuvi aliinamisha kichwa, akajifanya anapima upana wa kitabu kwa rula.

Sampuli ya kwanza aliyotengeneza ilikuwa na kosa. Aliijalidi kama anavyojalidi kila kitabu, mgongo upande wa kushoto. Bwana Vidor aliporudi wiki iliyofuata aliigeuza mara mbili mikononi, akacheka hadi akakohoa.

"Umeweka mkia mahali pa kichwa," alisema. "Sisi tunaanzia huku, kulia."

"Samahani sana, Bwana Vidor. Siwezi kusoma, kwa hiyo siwezi kujua kama nimekosea."

"Unaweza. Njoo nikuonyeshe." Mzee aliweka kidole chini kabisa ya ukurasa, kwenye kona ya kushoto, ambapo neno moja lilikuwa limekaa peke yake. "Hili ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Babu aliliweka hapa ili mjalidi asipotee. Fananisha umbo lake na umbo la neno la juu ukurasa wa pili. Yakifanana, uko sawa."

Mbuvi akafananisha. Yalifanana. Aligeuza ukurasa mwingine, na mwingine, na kila mara neno la chini lilimkabidhi kwa neno la juu. Akaona pia kwamba herufi nyingine zilikuwa zimevutwa zikawa pana kuliko zingine, akauliza kwa nini.

"Hatukati neno katikati mwishoni mwa mstari," mzee alisema. "Nafasi ikibaki, mchapaji anatafuta herufi inayoweza kunyooshwa, anaitia hiyo. Babu alikuwa na sanduku zima la herufi pana. Nilikuwa naruhusiwa kuzisafisha kwa brashi."

Mbuvi aliipenda kazi hiyo. Kwa siku kadhaa ilimpa kitu cha kufikiria tangu anapoamka. Nyumbani Shirleen alikuwa bado likizo ya ugonjwa, akitembea huku ameshika tumbo, akipika uji na kuuacha upoe. Wageni wa kanisa waliokuja walizungumza habari za hali ya hewa. Mmoja alimwambia, "Bado wewe ni kijana, utapata mwingine," na Shirleen akamjibu kwa adabu, "Asante dada," kisha akaenda bafuni akafungua maji ya bomba kwa muda mrefu.

Mara ya tatu Bwana Vidor alipokuja ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Mbuvi alikuwa na swali. Kwenye ukurasa wa thelathini na moja palikuwa na doa kubwa la kahawia lililofunika nusu ya kanuni moja, na alitaka kujua kama alifute kwenye kompyuta au aliache.

Mzee alivaa miwani. Aliutazama ukurasa ule kwa kitambo.

"Usilifute," alisema. "Hii ni kanuni ya ishirini na tatu. Mama yangu aliuloanisha huu ukurasa."

"Inasema nini?"

Bwana Vidor alisoma kwanza kwa Kiebrania, kwa sauti ya chini, kidole kikisafiri kutoka kulia. Kisha akatafsiri, kipande kwa kipande.

"Mtoto ambaye hajatimiza siku thelathini hatolewi kwa jeneza. Atabebwa kifuani. Wataandamana naye mwanamke mmoja na wanaume wawili, wasipungue. Kama hakupewa jina, atapewa jina kaburini. Na yeyote atakayeitwa na chama kwa kazi hii asiseme, huyu ni mdogo."

Mashine ya kukunja ilikuwa inaendelea kupiga kelele nyuma yao. Mbuvi aliizima.

"Nilikuwa na dada," mzee aliendelea. "Klára. Alizaliwa Juni mwaka arobaini na nne, tulipokuwa tumefungiwa kwenye kiwanda cha matofali, Wayahudi wote wa mji, tukingoja treni. Aliishi siku kumi na moja. Vijana wote walikuwa wamechukuliwa kazi za shuruti, na wazee wa chama walikuwa wamepigwa, hawawezi kutembea. Babu akaenda kwa askari kuomba ruhusa ya kwenda hadi kwenye ukuta wa nyuma, ambako udongo ulikuwa laini. Askari akasema, watatu tu. Babu akarudi akaniambia, leo wewe ni mwanamume. Nilikuwa na miaka saba. Mama alimbeba kifuani, ndani ya koti lake, kama anamficha na upepo. Tulikwenda watatu. Babu alichimba kwa kipande cha kigae. Baada ya siku nne tukapandishwa treni. Treni nyingine zilikwenda kwenye kambi za kuua; yetu ilikwenda Austria, ndiyo maana niko hapa. Babu hakurudi. Kitabu hiki kilibaki kwa jirani yetu, na mama alipokipata baada ya vita alifungua hapa, akakaa."

Alivua miwani akaifuta. "Kwa nini unalia, kijana?"

Mbuvi hakujua kwamba analia. Alisema ni vumbi la karatasi, akaomba radhi, akatoka nje, akasimama kati ya mapipa ya taka na ukuta. Akafikiri juu ya mtu wa koti refu aliyefunga mlango wa gari kwa mkono mmoja. Watu wale walikuwa wameelekezewa bunduki mgongoni, na wakaenda. Yeye alikuwa na barabara tupu mbele yake, taa za kuvukia, na suti mwilini.

Kesho yake, Jumamosi mchana, Shirleen alikuwa mezani akichambua mchicha. Alionekana ana nguvu kidogo, na alikuwa amesuka nywele. Alisema bila kuinua kichwa:

"Kesho tukitoka kanisani unipeleke. Daktari amesema naweza kutembea. Nimenunua maua madogo, yako kwenye ndoo pale bafuni."

Mbuvi alikaa chini. Angeweza kusema mvua itanyesha. Angeweza kusema wanajenga barabara kule. Alifungua mdomo akiwa bado hajui atasema nini.

"Sijui alipo," alisema.

"Umesahau upande?"

"Sikuingia, Shirleen. Nilifika getini nikarudi. Sikumbeba. Sikumwambia kitu."

Shirleen aliendelea kuchambua majani mawili matatu, kama mikono haijapata habari. Kisha ikasimama.

"Nani alikuwepo?"

"Mtu wa gari."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna."

Mbuvi alianza kueleza. Alisema habari za simu ya Mzee Mutua, za kisanduku, za miguu iliyokataa. Alipoona maneno hayo hayasaidii, akamweleza kitabu cha Bwana Vidor, kanuni ya ishirini na tatu, kiwanda cha matofali, mtoto wa siku kumi na moja aliyebebwa ndani ya koti. Alimweleza kwa sababu ndicho kilichomvunja, akifikiri labda ataelewa kwamba na yeye amevunjika. Shirleen alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hata wale walikwenda," alisema.

"Ndiyo."

"Na wewe uliniangalia usoni nikakuuliza kama alikuwa mzito." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Mbuvi, unajua mimi nimekuwa nikifanya nini? Kila siku nikilala naona mikono yako imemshika. Nilikuwa nimejipangia hata shati ulilovaa. Hiyo ndiyo picha niliyokuwa nayo. Sina nyingine."

Alinyanyuka akishika tumbo, akaenda chumbani. Mchicha ulibaki mezani mpaka ukanyauka.

Shirleen hakumuuliza kitu kingine. Nesi anajua nani wa kupigia simu, na kufikia Jumatatu alikuwa ameshapata namba ya mstari na namba ya kaburi, katika sehemu ya watoto wachanga. Jumatano asubuhi dada yake, Kendi, alikuja kutoka Macquarie Fields na mumewe Omollo, na wakampitia mchungaji njiani. Mbuvi alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alikuwa amevaa suti.

Alipofika mlangoni, Shirleen alimzuia kwa kiganja, bila kumgusa.

"Wewe ulikuwa na siku yako," alisema.

"Shirleen, tafadhali. Mimi ni baba yake."

"Ulikuwa baba yake Alhamisi ile."

Kendi, ambaye siku zote walikuwa wakitaniana naye, alimtazama kwa huruma iliyomuumiza zaidi ya hasira. "Shem, leo mwache," alisema. "Leo si siku ya kubishana."

Alibaki kwenye korido akisikia hatua zao ngazini, za Shirleen zikiwa nzito na za polepole. Waliporudi, Kendi ndiye aliyepanda kuchukua nguo za dada yake. Alisema ni kwa wiki mbili tu, apumzike kwao Macquarie Fields, watoto watamchangamsha. Alipanga nguo kwenye sanduku bila kukutana naye macho.

Kazi ya Bwana Vidor ilichelewa. Mzee alipokuja kuulizia, Mbuvi alimkuta ameketi kwenye ngazi za mlango wa nyuma, na badala ya kumpa sababu yoyote ya mashine akamwambia yote, kuanzia inkubeta hadi kiganja cha Shirleen mlangoni. Mzee alimsikiliza, mikono miwili juu ya fimbo.

"Sikukusomea ili nikuhukumu," alisema mwishowe.

"Najua."

"Siwezi kukuambia kwamba si neno. Ni neno kubwa." Alifikiri. "Lakini kuna kanuni nyingine, ukurasa wa arobaini. Wakishamaliza kumwosha maiti na kumvika, kabla hawajafunga jeneza, wote wanasimama, wanamwita kwa jina lake na jina la baba yake, wanamwomba msamaha. Kama tumekukosea heshima, kama mkono wetu ulikuwa mzito. Nilipokuwa kijana nilimuuliza mama, kwa nini waombe msamaha na wamefanya kila kitu sawasawa? Akaniambia, kwa sababu hakuna anayefanya kila kitu sawasawa."

"Mimi sikufanya chochote."

"Ndiyo," Bwana Vidor alisema. "Wewe utakuwa na mengi zaidi ya kusema."

Jumapili hiyo Mbuvi hakwenda kanisani. Aliingia kwenye lango la Rookwood, akapita, akauliza ofisini, akaonyeshwa kwenye ramani. Ilikuwa mbali kuliko alivyodhani, karibu nusu saa ndani ya makaburi yenyewe, akipita sehemu ya Wachina, ya Waitaliano, ya Wayahudi yenye mawe wima na maandishi aliyoyatambua kwa macho tu. Sehemu ya watoto ilikuwa na vinu vya plastiki vinavyozunguka kwa upepo, na dubu wa kuchezea waliolowa mvua. Kaburi la Mwende lilikuwa na kibao kidogo cha namba na maua ya Shirleen, yameshakauka.

Alikuwa amejiandaa kusema maneno mengi. Yaliyotoka yalikuwa machache. "Mwende, mwana wa Mbuvi," alisema kwa Kikamba, "nisamehe. Nilikuona getini nikakukimbia. Mama yako alinituma nikuambie kwamba hawezi kusimama, lakini angekuja." Alikaa kwenye nyasi zenye unyevu mpaka mlinzi wa makaburi, mzee mwenye koti la manjano, akamjia akamuuliza kama yuko salama. Mbuvi alimwambia yuko salama. Alipoondoka hakujisikia amesamehewa na mtu yeyote. Alijisikia amechelewa.

Vitabu vilikwisha mwishoni mwa Mei. Vilikuwa arobaini, mgongo upande wa kulia, doa la ukurasa wa thelathini na moja likiwa mahali pake. Bwana Vidor alikuja na mjukuu wake wa kike kuvichukua. Alifungua kimoja, akakagua maneno ya chini ya kurasa hadi mwisho, akampa Mbuvi mkono kwa nguvu kuliko alivyotarajia kutoka kwa mzee wa umri ule. Nakala ya ziada aliyotaka kumwachia, Mbuvi aliikataa kwa heshima. Alisema haoni pa kuiweka. Mzee hakumlazimisha.

Wiki mbili za Macquarie Fields zilikuwa zimegeuka mwezi mzima. Shirleen alikuwa amerudi kazini, shifti fupi fupi, akipanda treni kutoka kwa dada yake. Walikuwa wakiandikiana kuhusu barua za bima na funguo za sanduku la posta, ujumbe wa mstari mmoja, usio na salamu.

Siku moja ya Juni, saa ya chakula cha mchana, simu ya Mbuvi ililia akiwa anakula mkate nyuma ya kiwanda. Aliona jina la Shirleen akasimama wima.

"Uko peke yako?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Nataka unisaidie kitu." Nyuma yake zilisikika sauti za hospitali, kitoroli kikipita, mtu akiitwa. "Siku zile nilizokuwa nimelazwa usingizi kwa dawa. Siku kumi na moja. Wewe ulikuwa naye. Mimi sijui chochote. Niambie alivyokuwa. Anza na ya kwanza. Lakini, Mbuvi, kama kuna kitu hukumbuki, sema hukumbuki. Usinitengenezee."

"Sitakutengenezea," alisema.

Akamwambia. Siku ya kwanza alikuwa mwekundu kama amepakwa rangi, na kofia waliyomvika ilikuwa kubwa ikamfunika nyusi. Siku ya pili Mbuvi aliogopa kuingia, akachungulia kwenye kioo. Siku ya tatu alimwekea kidole kiganjani, Mwende akakibana, nesi akasema hiyo ni kawaida yao, lakini yeye hakuamini ni kawaida. Siku ya nne hakumbuki. Siku ya tano alikuwa na kwikwi kwa karibu saa nzima, mwili mzima ukiruka, na alionekana ameudhika, amekunja uso sawasawa na bibi yake wa Meru.

"Mama yangu?" Shirleen aliuliza.

"Mama yako kabisa. Kama anamkemea mtu sokoni."

Shirleen alitoa sauti ambayo nusu yake ilikuwa kicheko. Kisha akasema muda umekwisha, akakata.

Kesho yake alipiga tena, saa ileile, na keshokutwa. Hawakuzungumzia jambo lingine lolote. Mbuvi alikuwa akiacha mkate ndani ya mfuko mpaka wamalize. Wiki ile na nyingine iliyofuata walikwenda hivyo, siku kwa siku, wakapita zile za usingizi wake, wakaingia zile alizoziona kidogo, mpaka wakafika ya kumi na tisa.

"Hii ni ya mwisho," Shirleen alisema.

"Ndiyo." Alishusha pumzi. "Walinipigia saa tisa alasiri. Wewe ulikuwa chumba cha upasuaji. Nilipofika walikuwa wameshamtoa kwenye inkubeta. Wakanivua shati wakamlaza hapa, kifuani. Alikuwa na joto. Alikaa dakika arobaini. Niliimba vitu vya kanisani, sikumbuki vipi. Mwishoni alipumua, akapumzika, akapumua, kisha nikawa nangoja nyingine." Alihamishia simu sikio la pili. "Hapo nilikuwepo, Shirleen. Hapo sikukimbia."

"Najua," Shirleen alisema. "Nesi wa zamu aliniambia. Alisema hukutaka kumwachia, walikaa saa mbili wakikungoja."

Akaanza kulia. Tangu Februari Mbuvi hakuwa amemsikia akilia kwa sauti, hata mara moja. Alilia kama mtu anayetapika, bila aibu, huko alikokuwa kwenye korido au chumba cha dawa, na Mbuvi alibana simu sikioni kwa mikono miwili, akikaa naye kwenye laini. Jacky alichungulia mlangoni kumwita kazini, akamwona, akarudi ndani akaufunga mlango taratibu.

Shirleen bado anaishi kwa dada yake. Siku ile, alipotulia, alisema jina lake mara moja tu, "Mbuvi," kisha hakukata simu, na Mbuvi naye hakukata, mpaka laini ikakatika yenyewe.